Mama mkwe kaja na chupa ya mafuta, anataka kumkanda mke wangu tumbo (mimba wiki 30). Nimruhusu?

#1 Mlinzi wa Zabibu
Habari za jioni wana jamvi.

Niko Nzuguni, Dodoma. Mke wangu ana mimba ya kwanza, juzi kliniki wamempima wiki 30. Tangu mwezi uliopita mgongo unamsumbua, huku chini karibu na kiuno, kiasi kwamba usiku akitaka kugeuka kitandani anageuka kwa awamu kama lori linalotafuta kona.

Jumamosi mama mkwe kashuka kutoka Kongwa na kuku wawili, kiroba cha karanga na chupa ya mafuta ya alizeti. Hajamaliza hata kunywa maji, kamtazama mwanae akatangaza kwamba mtoto "amekaa vibaya", ndiyo maana mgongo unauma, na dawa yake ni kukandwa tumbo asubuhi na jioni mpaka mtoto akae sawa. Yeye kazaa sita na mimba zote alikandwa.

Jirani yetu anayefanya kazi Mtumba anasema hayo ni mambo ya kale, nimpeleke masaji Area D, elfu 40 kwa saa. Nesi wa zahanati nilipomuuliza alikuwa na foleni ya kinamama hadi mlangoni, akaniambia "mchue taratibu" akaita jina linalofuata. Taratibu wapi? Kwa namna gani?

Na kwetu mkwe huwezi kumkatalia uso kwa uso. Naombeni majibu kabla ya kesho asubuhi maana chupa imeshawekwa dirishani ipate jua.

#2 Kijana wa Majengo
Ngoja waje wataalamu. Ila hapo kwenye masaji Area D fafanua kidogo mkuu, anayetaka kwenda ni mke au ni wewe?

#3 Mlinzi wa Zabibu
Nilijua tu utakuwa wa kwanza.

#4 Mama Pacha
Tumbo asiguse mtu. Mgongo sawa, mabega sawa, miguu sawa, ichue utakavyo. Tumbo hapana. Mimi nilikuwa na pacha na daktari alinikataza hata kulikuna kwa nguvu.

#5 Bibi Alizeti
Hamjambo wajukuu. Nyie wa siku hizi kila kitu hapana. Sisi huku Iramba tumekandwa na wakunga wa jadi, na hao mnaoandika humu si ndio tuliowazaa? Mkunga wetu alikuwa akiweka mikono tumboni anakwambia kichwa hiki hapa, matako haya hapa, na hakosei. Huko kliniki kwenu nesi habonyezi tumbo? Tofauti ni nini, lile gauni jeupe?

#6 Dereva wa Kibaigwa
Bibi kaanza na gia kubwa. Naweka kambi hapa.

#7 Mkunga wa Makole
Shikamoo Bibi Alizeti. Swali lako ni la haki, nikujibu kama mtu anayepapasa matumbo kila siku ya kazi.

Ni kweli nabonyeza. Kwanza napima kwa futi kamba kama ya fundi cherehani, kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Mimba ya wiki 30 inakuja karibu na sentimita 30. Halafu naweka viganja juu, pembeni, chini, nikitafuta kichwa kiko wapi na mgongo uko upande gani, ili nijue wapi nitayasikia mapigo ya moyo. Dakika chache nimemaliza. Sisukumi kitu. Hata nikikuta mtoto amekaa kiubavu, naandika kwenye kadi na kumwambia mama arudi.

Anachotaka kufanya mama mkwe ni kumsukuma mtoto ahame. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kondo la nyuma limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na yeye kwa nje haoni limejishika wapi. Likiachia kabla ya wakati mama anavuja damu, na mara nyingine damu inabaki ndani, huioni. Unachoona ni tumbo gumu kama ubao na maumivu yasiyoachia. Kama mama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, kovu nalo linaweza kuachia.

Mleta uzi, mkeo ni wiki 30. Mtoto wa wiki hizo kutanguliza matako au kukaa kiubavu ni jambo la kawaida, bado ana nafasi ya kujigeuza. Mimba ikishatimia wanaobaki wametanguliza matako ni kama watatu au wanne katika kila 100. Kwa hiyo hata kama "amekaa vibaya" leo, hakuna wa kumgeuza leo.

#8 Dereva wa Kibaigwa
Nathibitisha maneno ya Mkunga. Shangazi yangu wa Bahi alikandwa tumbo na mama mmoja pale kijijini, mimba ya miezi nane. Usiku uleule damu. Nilimkimbiza mimi kwa gari la mahindi. Yeye alipona, mtoto hatukumpata.

#9 Mwalimu wa Hesabu
Pole sana Dereva. Bila kukuudhi, shangazi alikuwa na presha?

#10 Dereva wa Kibaigwa
Alikuwa nayo. Miguu ilivimba hadi malapa hayaingii.

#11 Mwalimu wa Hesabu
Basi hapo hatuwezi kujua. Presha peke yake inatosha kuachanisha kondo bila mtu kugusa tumbo. Sisemi kukanda ni salama, nasema ushahidi wa shangazi una watuhumiwa wawili.

#12 Dereva wa Kibaigwa
Wewe uliyekuwa darasani unafuta ubao usiku ule ndiye unajua kuliko mimi niliyeshika usukani?

#13 Mwalimu wa Hesabu
Sijasema najua. Nimesema hatujui.

#14 Mama Pacha
Acheni kugombana kwenye msiba wa watu. Mkunga, swali: mimi nimesikia hospitali nako wanageuza mtoto kwa mikono. Imekuwaje kwao ruhusa?

#15 Mkunga wa Makole
Ni kweli, wapo madaktari wanaofanya. Ila wanangoja wiki ya 36 au 37, utrasaundi ionyeshe kondo liko wapi na maji yanatosha, mapigo ya mtoto yanafuatiliwa kabla na baada, na chumba cha upasuaji kiko tayari maana mara chache inabidi kukimbilia huko. Pamoja na yote hayo wanafanikiwa karibu nusu tu. Sasa daktari mwenye mashine zote anashindwa nusu, wewe na chupa ya alizeti sebuleni?

#16 Bibi Alizeti
Mkunga wangu hakuwa na mashine na alifanikiwa.

#17 Mwalimu wa Hesabu
Bibi, kama alikuwa anakanda mimba za miezi sita na saba, wengi wangejigeuza wenyewe. Ni sawa na mimi kupuliza filimbi alfajiri nikidai nimechomoza jua.

#18 Bibi Alizeti
Wewe mwalimu mama yako yupo? Mpe simu nimsalimie.

#19 Kijana wa Majengo
😂😂😂 Mwalimu kaitiwa mzazi.

#20 Mlinzi wa Zabibu
Nashukuruni. Tumbo nimeelewa, nimemtuma mke wangu aongee na mama yake. Jibu alilorudi nalo: "Basi nitampaka tu mafuta, sitakanda." Kupaka nako kuna shida?

Na bado mgongo. Tunafanyaje?

#21 Mkunga wa Makole
Kupaka juu ya ngozi kwa kiganja, kama unavyompaka mtoto mchanga, hakuna shida. Wengi wanapenda, ngozi ikivutika inawasha. Alizeti ya kawaida ni nzuri tu, haina harufu kali. Muache mama apake, naye apate chake.

Mgongo sasa, hiyo kazi ni yako baba kijacho. Kuna namna mbili. Ya kwanza alale ubavu, mto katikati ya magoti, na kanga iliyokunjwa chini ya tumbo ili lisining'inie. Asilale chali wakati wa kuchuliwa: tumbo likishakuwa zito linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ndiyo maana wengine tukiwapima tu kitandani wanatoka jasho na kuona giza. Kifudifudi nako kwa tumbo hilo hakuna mtu anafika.

Ya pili, na wengi ndiyo wanaipenda, akae kwenye kiti kinyumenyume, kifua kimeegemea mto kwenye egemeo la kiti, mikono inaning'inia. Wewe kaa nyuma yake kwenye kigoda. Sugua mafuta mikononi kwanza yapate joto. Usibonyeze uti wa mgongo wenyewe, bonyeza misuli ya pembeni, upana wa vidole viwili kutoka kwenye mfupa, kila upande. Tumia kiganja. Gumba linachoka haraka na linachoma. Anzia kiunoni panda taratibu hadi mabegani, rudi chini bila kubonyeza. Pale chini, juu kidogo ya matako, weka kiganja bapa ukandamize tu bila kusogeza, mwambie avute pumzi na kuitoa polepole. Hapo ndipo wengi husema "hapohapo usitoe mkono." Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Akihisi kizunguzungu au tumbo linakaza, acha.

Na ukate kucha.

#22 Mama Kijacho Ihumwa
Nimesoma hadi hapa kwenye "hapohapo usitoe mkono" nikalia. Wangu yuko Geita kwenye machimbo.

#23 Kijana wa Majengo
Dada pole. Mbona kumuumiza mtoto wa mwenzako na mikono mkuu, kanunue ile dawa ya kuchua ya tyubu duka la dawa muhimu. Mimi nikitoka mpirani napaka, asubuhi natembea.

#24 Muuza Dawa Kikuyu
HAPANA. Hii nimeingia kwa ajili yako tu. Tyubu nyingi za kuchua zina diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, na dawa za familia hiyo hazishauriwi kuanzia wiki ya 20 ya mimba bila daktari. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2020 kuhusu figo za mtoto na maji yake kupungua, na mimba ikienda mbele zaidi kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaoweza kufunga kabla ya wakati. Najua kupaka kunaingia kidogo kuliko kumeza. Lakini watu hawapaki kidogo, wanapaka kama siagi, mara nne kwa siku. Zile za harufu kali inayopanda hadi puani nazo mara nyingi zina salisilati, ndugu wa aspirini. Mjamzito akihitaji dawa ya maumivu, parasetamoli kwanza, na amwambie mhudumu wake.

#25 Kijana wa Majengo
Sawa nimefuta kauli. Nilikuwa nawaza goti langu.

#26 Tabibu Mstaafu
Mnachua tu, hakuna aliyeuliza mgongo unauma KWA NINI. Mleta uzi, mkojo umepimwa? Mjamzito mwenye UTI iliyopanda kwenye figo anakuja akilalamika mgongo: upande mmoja, juu kidogo chini ya mbavu, na homa na kutetemeka. Nimeona waliochuliwa wiki nzima huku figo inawaka. Na mgongo unaokuja na kuachia, unakuja na kuachia kwa mpangilio, kabla ya wiki 37, huo unaweza kuwa uchungu umeanza mapema. Hiyo si kazi ya mafuta, ni ya hospitali saa hiyohiyo.

#27 Mlinzi wa Zabibu
Asante mzee wangu. Mkojo walipima mwezi uliopita wakasema msafi. Hana homa. Maumivu ni ya kudumu, yanazidi jioni.

#28 Tabibu Mstaafu
Basi ni ule wa kawaida. Mwili unatoa homoni ya relaksini inayolegeza kano za nyonga ili nyonga ijiandae, tumbo linavuta mbele, mgongo unajipinda nyuma kusawazisha. Misuli ya kiuno inashinda imekaza kutwa.

#29 Fundi Godoro
Kwa heshima zote mzee, ni godoro. Watu wanalalia godoro tangu harusi limekuwa kama chungu katikati. Wangu alikuwa hivyohivyo, nikabadilisha, wiki moja kapona.

#30 Mama Pacha
Fundi, jina lako linakuuza.

#31 Fundi Godoro
😅 Biashara na ukweli vinaweza kukaa pamoja.

#32 Mama Kijacho Ihumwa
Mimi nasema ndoo. Huku kwetu maji ni ya mgao, yakitoka unajaza kila chombo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mara kumi kutoka bombani hadi jikoni. Siku ambazo mdogo wangu anakuja kunichotea, jioni mgongo haupo. Simhitaji hata mtu wa kunichua. Mleta uzi nani anachota maji kwako?

#33 Mlinzi wa Zabibu
...

#34 Kijana wa Majengo
Kimya hicho.

#35 Mlinzi wa Zabibu
Nilikuwa sijafikiria hilo. Mimi natoka kazini usiku.

#36 Bibi Alizeti
Hapo huyo binti wa Ihumwa kasema neno.

#37 Mtoto wa Mpwapwa
Nirudi namba 4, Mama Pacha kasema miguu ichue utakavyo. Naomba nipinge kwa nguvu zote.

Dada yangu alijifungua mwaka jana. Akiwa na miezi minane mguu wa kushoto ulimuuma nyuma ya ugoko, ile nyama, akadhani misuli imekaza usiku kama kawaida ya wajawazito. Shemeji akawa anamchua na samli kila jioni, tena kwa bidii, gumba limezama. Siku ya nne mimi nikaenda kumtembelea, nikaona mguu mmoja mnene kuliko mwenzake. Nilichukua kanga nikazungushia mguu huu, nikashika ncha, nikahamisha kwenye ule mwingine: zilipishana vidole vitatu. Ukiugusa una moto. Hospitali wakasema damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, akaanzishiwa sindano za kuyeyusha, anajichoma mwenyewe tumboni kila siku mpaka baada ya kujifungua. Daktari alimwambia shemeji kipande cha lile donge kingeweza kukatika na kwenda kwenye mapafu. Shemeji mpaka leo samli hataki kuiona hata kwenye wali.

#38 Mkunga wa Makole
Asante sana kwa hili, na kosa ni langu pia, niliisoma namba 4 nikaipita. Mimba inafanya damu igande kwa urahisi, hatari ni mara nne hadi tano ya mwanamke asiye na mimba, na mara nyingi ni mguu wa kushoto. Nyayo na vidole chua. Nyama ya nyuma ya ugoko na paja la ndani pitisha kiganja tu kwa wepesi kutoka chini kwenda juu. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma, ukiwa na joto: mikono mbali, hospitali. Misuli ikikaza ghafla usiku, nyoosha mguu na uvute vidole kuelekea gotini, inaachia.

Kidogo nirekebishe Mtoto wa Mpwapwa: zile sindano haziyeyushi donge, zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unaliondoa.

#39 Mama Pacha
Nimeikubali fimbo. Sikujua.

#40 Tabibu Mstaafu
Na kuvimba miguu yote miwili jioni ni kawaida. Uso na mikono vikivimba, kichwa kinauma hakiachii, anaona vimulimuli, hiyo ni presha ya mimba, 140 kwa 90 kwenda juu, na mbele yake kuna kifafa cha mimba. Huyo usimchue, mpeleke.

#41 Mstaarabu wa Kondoa
Mimi nimefundishwa mjamzito alale ubavu wa KUSHOTO tu, kulia ni haramu kwa mtoto. Mkunga kasema ubavu bila kutaja upi.

#42 Mkunga wa Makole
Zamani tulifundisha kushoto tu. Sasa ushauri kuanzia wiki 28 ni aanze usingizi kwa ubavu, wowote. Akishtuka yuko chali ageuke alale tena. Kuna kinamama walikuwa hawalali kwa hofu ya kugeukia kulia.

#43 Mstaarabu wa Kondoa
Mke wangu amelala kushoto mimba tatu, sikio lile linamuuma mpaka leo. Nitamwambiaje?

#44 Kijana wa Majengo
Usimwambie.

#45 Msusi wa Ipagala
Jamani na zile sehemu za hatari? Kuna pahali juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, na pale kati ya gumba na kidole cha shahada, ukibonyeza mjamzito uchungu unaanza. Mimi nafanyia watu pedikyua na wajawazito siwagusi hapo. Na miezi mitatu ya kwanza simgusi kabisa, mimba itatoka.

#46 Mwalimu wa Hesabu
Sehemu hizo zimejaribiwa kwa kinamama waliopitiliza siku zao, wakibonyezwa na wasiobonyezwa wakalinganishwa. Haikuonekana tofauti ya maana katika kuanzisha uchungu. Ingekuwa rahisi hivyo, hospitali zingenunulia nini oksitosini, dawa ya kuanzisha uchungu?

Miezi mitatu ya kwanza vilevile. Mimba nyingi zinazotoka mapema zinatoka kwa sababu ya hitilafu ya kromosomu, tangu mbegu na yai vilipokutana. Lakini ikitoka kesho yake baada ya wewe kumchua, nani atalaumiwa? Ndiyo maana sehemu nyingi za masaji zinakataa. Wanajilinda wao.

#47 Msusi wa Ipagala
Hata kama, sitagusa. Wewe mwalimu huna saluni, huwezi kujua maneno ya wateja.

#48 Mkunga wa Makole
Hapo Msusi hajakosea kwa upande wake. Na ukienda kwa mchuaji wa kulipwa, mwambie mapema una wiki ngapi na kama una presha, ulishawahi kutokwa damu, au kondo liko chini. Asiyeuliza lolote kati ya hayo, vaa viatu uondoke.

#49 Mfanyakazi Mtumba
Mimi nilienda huko huko kwenye masaji za mjini, mimba miezi sita. Binti akaniambia "lala kifudifudi dada." Nikamwonyesha tumbo. Akasema "eeh basi lala chali." Nikavaa dera langu nikaenda kula zabibu nje. Elfu 30 nililipa.

#50 Mlinzi wa Zabibu
Nimecheka peke yangu kwenye lindo 😂

RIPOTI ya jana: nimekata kucha, nimemkalisha kinyumenyume kwenye kiti cha plastiki, kikaanza kupinda, tukahamia kochi. Mafuta ya alizeti yakapata joto, chumba kizima kikanukia kibanda cha chipsi. Kiganja bapa pale chini. Kwanza akawa ananielekeza, kushoto, juu, hapana chini. Baadaye akanyamaza. Nikadhani kakasirika, kumbe amelala, mate yanamtoka kwenye mto wa mama yake. Amelala mpaka saa 10 alfajiri, jambo ambalo halijatokea mwezi mzima.

#51 Tabibu Mstaafu
Misuli imelegea, damu imetembea.

#52 Mwalimu wa Hesabu
Au homoni za msongo zimeshuka. Au alikuwa amechoka tu.

#53 Mama Kijacho Ihumwa
Au ni kwa sababu mume kakaa nyumbani akamgusa. Wanaume mna visayansi vingi.

#54 Mlinzi wa Zabibu
Na jana maji nilichota mimi. Niseme ukweli wote.

#55 Mama Kijacho Ihumwa
NDOO. Nilisema.

#56 Fundi Godoro
Na kalala kwenye kochi, siyo kwenye lile godoro. Nisisahaulike.

#57 Mama Pacha
Kuna masaji moja mnaizunguka wote mnaona aibu, acha niseme mimi mwenye watoto wanne. Kuanzia wiki ya 34 au 35, mama mwenyewe au mumewe anaweza kuchua njia ya mtoto, pale chini, kwa kidole safi na mafuta safi, dakika chache, mara moja mbili kwa wiki. Kwa uzazi wa kwanza inapunguza kuchanika na kuongezewa njia. Nilifanya mimba ya pili, sikushonwa.

#58 Kijana wa Majengo
Mimi naomba kutoka nje.

#59 Mkunga wa Makole
Kaa hapohapo usikie, nawe utaoa. Mama Pacha yuko sahihi. Kama kuna maambukizi huko, kondo liko chini au maji yameshapasuka, hapana.

#60 Bibi Alizeti
Hilo sisi tulifundishwa unyagoni, halikuandikwa popote. Leo mmelileta nyie kama jipya.

#61 Mwalimu wa Hesabu
Hapo Bibi nakuvulia kofia.

#62 Bibi Alizeti
Sasa umekua. Na mafuta ya nyonyo je, mbona hamjayasema? Siku zikipitiliza kijiko kimoja tu.

#63 Muuza Dawa Kikuyu
Bibi hiyo ni ya kunywa, siyo kuchua, na inachoanzisha kwa uhakika ni kuharisha. Mama aingie leba ameishiwa maji mwilini?

#64 Bibi Alizeti
Nimeuliza tu.

#65 Mlinzi wa Zabibu
Wakuu narudi baada ya wiki nne, samahani kwa kimya. Leo kliniki wiki 34. Mkunga kapapasa, mtoto kichwa chini.

Mama mkwe yuko nyumbani anapiga vigelegele. Anasema ni yeye, kwamba alikuwa "anapaka tu" lakini mkono wake unajua. Mke wangu anadai ni ule usingizi wa ubavu. Mimi nachota maji kila asubuhi kabla ya kazi. Mgongo umepungua, haujaisha. Jana umeuma tena na nilichua dakika 15 zote, hakulala.

#66 Mkunga wa Makole
Hongereni. Mtoto kajigeuza mwenyewe.

#67 Bibi Alizeti
Mwambieni mama wa Kongwa namsalimu. Mkono wake unajua.

#68 Mwalimu wa Hesabu
Naona filimbi imepulizwa na jua limechomoza.

#69 Dereva wa Kibaigwa
Mleta uzi, alikuwa anapaka tu kweli? Ulikuwepo?

#70 Mlinzi wa Zabibu
Asubuhi nipo kazini kaka. Mke wangu anasema anapaka tu. Nikimuuliza mara ya pili anaangalia pembeni.

#71 Mgeni Manyoni
Habari wakuu, nimechelewa uzi. Hayo mafuta ya alizeti ya Kongwa lita sasa hivi bei gani?